Saa Hizo Ni za Nani?

Haya ni maneno niliyowaambia wanafunzi wapya wa sheria wa darasa la jioni, hapa Iringa. Nimeyaandika kwa ajili ya waliokuwa zamu siku ile wakashindwa kufika. Ni yale yale, ila nimepunguza kukohoa.

Kamwene!

Kamwene tena, maana ile ya kwanza imeitikiwa na safu ya mbele tu. Huko nyuma nawaelewa. Mmetoka kazini, baridi ya Iringa imewapiga njiani, na mtu mwenyewe wa kuzungumza hamumjui.

Walimu wangu, mwakilishi wa wanafunzi, wanafunzi wenzangu, itifaki imezingatiwa. Nimepewa dakika arobaini, na nikianza kumtaja kila mkubwa kwa cheo chake tutamaliza dakika kumi hatujasema kitu.

Nianze na maswali. Nani hapa amekuja moja kwa moja kutoka kazini? Nyoosheni mikono. Naona karibu wote. Nani hajaweka kitu tumboni tangu mchana? Wengi. Na nani leo amemwambia bosi wake anakwenda hospitali, kumbe anakuja hapa?

Hakuna mkono. Sawa. Tutafika huko.

Mwaka 2014, nilipoanza darasa kama hili, nilikuwa keshia wa duka la pembejeo hapa mjini. Mbolea, mbegu, dawa za mimea. Wanaoijua kazi hiyo wanajua kwamba kuanzia Novemba mpaka Januari hakuna kukaa. Foleni inaanzia kaunta inaishia barabarani. Huyu katoka Pawaga, huyu Isimani, huyu Kilolo, gari la kurudi linaondoka saa nane, na kila mmoja anataka aanze yeye. Darasa langu saa 11 jioni. Nikajiona mjanja. Msimu wa mwaka wa pili nikaiweka Sheria ya Ushahidi chini ya kaunta, kati ya mashine ya risiti na droo ya fedha. Mteja akitoka, kabla mwingine hajafika, nasoma aya moja. Mwingine akitoka, aya nyingine.

Siku hiyo nilikuwa nimezama kwenye ushahidi wa kuambiwa, ni lini mahakama ipokee maneno ya mtu ambaye mwenyewe hakusimama kizimbani. Mteja amelipia mifuko miwili ya mbolea ya DAP. Kibarua ananiuliza, "Dada, mitatu?" Nikaitikia kwa kichwa. Macho yako kwenye kitabu, kichwa kinaitikia. Mifuko mitatu ikapanda kwenye gari, gari likaondoka, na mpaka leo sijui yule mzee aligundua akiwa wapi.

Mwisho wa mwezi nikapokea mshahara umekatwa mfuko mzima kwa mkupuo. Sikuulizwa, sikuandikiwa. Je, nilinyamaza? Mtu aliyesoma sheria mwaka mmoja na nusu ni mtu hatari sana, jamani. Hajui kitu, lakini anajua vifungu viwili. Nikachimba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, nikafika kifungu cha 28. Kinasema mwajiri akitaka kukata mshahara kufidia hasara, mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokana na kosa lake, aandikiwe ni kiasi gani na kimehesabiwaje, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira. Nikaenda steshenari, nikaprinti, nikapaka njano mistari ninayoitaka, nikamwekea bosi mezani.

Bosi wangu si mtu wa kelele. Alivaa miwani, akasoma mpaka mwisho, hata mistari ambayo sikuipaka njano. Akasema, "Sawa. Nimekosea utaratibu. Nitakurudishia, tuandikishane, nikate kidogo kidogo." Nikaanza kutabasamu. Akavua miwani. "Sasa na mimi nikuulize. Zile saa ulizokuwa unasoma kwenye kaunta yangu, zilikuwa za nani?"

Ndugu zangu, nilikuwa na kifungu cha 28. Sikuwa na kifungu cha kujibu swali hilo.

Saa zilikuwa za nani? Nimekuja hapa na swali hilo moja tu, na nitalirudia mpaka mnichoke. Watu watawaambia mtafute muda wa kusoma. Kana kwamba muda umeanguka chini ya kochi! Hakuna saa isiyo na mwenyewe. Kila saa utakayosomea ina mwenyewe tayari, na ama utamwomba, ama utamwibia. Mimi nilianza kwa kuiba.

Baada ya siku ile tulikaa chini. Na hapa muwe makini, maana wengi mtaingia na kichwa kilichojaa haki. Sheria ile inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Vizuri. Ina likizo ya mwaka ya siku 28, ina ya ugonjwa, ya uzazi, ya msiba. Itafuteni humo likizo ya masomo. Haimo. Nyie wa serikali mna kanuni zenu, lakini sisi wa madukani hatuna kifungu cha kumlazimisha mtu atuachie saa 10 jioni tukasome. Ni kuomba. Ni kuelewana.

Basi tukaelewana hivi. Mimi nafungua duka saa 1 asubuhi badala ya saa 2, napokea mzigo, natoka saa 10. Novemba mpaka Januari nafanya na Jumamosi kutwa. Zile siku 28 nazigawa mara mbili, nusu mitihani ya Februari, nusu ya Julai. Kwa miaka minne sijaenda likizo popote. Tuliandika kwenye karatasi, nakala mbili, kila mtu akaweka sahihi. Ulikuwa mkataba wa kwanza nilioandika maishani mwangu, na nilisahau kuweka tarehe. Bosi aliigundua baada ya wiki, akaniletea kalamu bila kusema neno.

Kwa hiyo wewe wa hospitali, hapo katikati, nakuona unacheka. Kesho utaumwa nini? Kesho kutwa? Muhula una wiki ngapi, na mwili una magonjwa mangapi? Mwambie ukweli. Atakataa? Huenda. Wapo waliokataliwa, na wapo walioacha kazi kwa ajili hiyo, na mmoja ninayemjua aliacha chuo. Lakini aliyekataliwa anajua amesimama wapi.

Naenda nyumbani sasa. Hapa patanichukua muda.

Wakati ule tulikuwa tunakaa Ipogolo, kule bondeni. Darasa likiisha saa 2 usiku, mwalimu akinogewa saa 2 na nusu, unashuka mlima ukiomba ukute daladala bado ipo. Ukiikosa ni bajaji, na bajaji ya usiku bei yake mnaijua. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mbao, Mafinga na Dar es Salaam, Dar es Salaam na Mafinga. Watoto wawili wadogo. Nani alikuwa nao jioni? Mama mkwe. Alitoka kwake Kilolo mwaka ule nilipoanza, akasema anakuja kukaa mwezi mmoja. Alikaa miaka minne.

Mama hakusoma. Chuo alikiita "lile jambo lako". Akipigiwa simu na mwanawe, "Mkeo yuko wapi?" "Yuko kwenye lile jambo lake." Basi.

Mimi nilikuwa naamka saa 10 alfajiri kusoma. Mwezi Julai, Iringa, saa 10 alfajiri, hebu fikirieni. Nimejifunga kitenge juu ya sweta, sweta juu ya sweta, miguu kwenye blanketi, tochi ya simu mdomoni kwa sababu umeme umekatika. Asubuhi moja nasoma kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mtaisoma, haikwepeki. Mahakama ya Rufani, 1983, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali. Mama wa nyumbani ameachika, anadai sehemu ya mali. Swali likawa, mwanamke ambaye hakuleta mshahara, alipika, alifua, alilea, je, hiyo ni jasho la kuhesabika katika mali iliyopatikana ndani ya ndoa? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inasema mahakama iangalie mchango wa kila mmoja, wa fedha, mali au kazi. Mahakama za chini zilikuwa zimevutana kwa miaka. Mahakama ya Rufani ikasema ndiyo. Kazi ya nyumbani ni mchango.

Nasoma hayo huku nasikia kitu nje ya mlango. Fu, fu, fu. Mama mkwe amechutama kwenye jiko la mkaa, anapepea kwa mfuniko wa sufuria, anachemsha maji ya kuoga watoto na uji wangu wa kuondokea. Kila siku nilikuwa nasikia sauti ile. Siku ile ndiyo niliisikia.

Akaniuliza, "Leo wanasemaje?" Nikamsimulia kesi yote, nusu Kiswahili nusu Kihehe, mpaka mwisho wake, ambao walimu wengine wanaupita haraka. Maana Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama ilikubali hoja yake, lakini ikasema mumewe alikwisha kumpa fedha za mradi akazitapanya, hizo zihesabiwe ndiyo mgao wake.

Mama akaacha kupepea. "Kwa hiyo alishinda au alishindwa?"

"Alishinda, na akashindwa, Mama."

Akafikiri. Akasema, "Aliyepika hakula. Wakala waliokuja nyuma." Akaendelea kupepea.

Nimehudhuria mihadhara mingi kuhusu kesi ile. Sijasikia muhtasari mzuri kuliko huo.

Sasa, saa zile za alfajiri, saa zile za jioni kuanzia 11 mpaka 2 na nusu, zilikuwa za nani? Nilikuwa najisifu darasani kwamba najisomesha mwenyewe, nalipa ada mwenyewe kwa mshahara wa keshia. Najisomesha! Na yule aliyekuwa anapepea? Nilikuwa nakariri kwamba kazi ya nyumbani ni mchango, nitaiandika kwenye mtihani nipate alama, halafu natoka naruka jiko la mtu bila shukrani. Baada ya hapo niliweka Jumapili. Jumapili sifungui kitabu, hata mtihani ukiwa Jumatatu. Mama anakwenda kanisani na kwa wenzake, jiko ni langu. Matokeo yangu hayakupanda, nisiwadanganye. Yalibaki pale pale. Nyumba ndiyo ilitulia.

Akina baba mliopo hapa, msijifanye hili haliwahusu. Wenu wanapepea pia.

Jambo jingine, na hili ni la kujivunia kidogo. Wa mchana watawaambia kwamba nyie mnasoma shahada ya pembeni. Msibishane nao. Waacheni. Ila jueni mmeingia na nini.

Darasa letu lilikuwa na trafiki mstaafu, muuguzi, mwalimu wa sekondari, mchungaji, karani wa mahakama ya mwanzo, na mzee mmoja mkulima wa Isimani ambaye alisema anasoma ili awaelewe wanasheria wa wanawe. Siku tulipofika kwenye kughadhabishwa katika somo la Jinai, yaani mtu kuua kwa hasira ya kuchokozwa, mwalimu akaleta kesi ya Mwamwindi. Hapa Iringa hiyo si kesi tu. Tarehe 25 Desemba 1971, mkuu wa mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa kule Isimani, na mkulima Said Mwamwindi akashitakiwa, akatiwa hatiani, akanyongwa. Zilikuwa siku za vijiji vya ujamaa, na wazee wa hapa bado wakilitaja hilo hushusha sauti. Kijana mmoja akauliza swali zuri tu. Kwa nini Mwamwindi awe shambani siku ya Krismasi?

Mwalimu hakuwa na jibu, yeye mtu wa pwani. Mzee wetu wa Isimani akasimama, akashika kiti cha mbele yake. Akasema, "Mwalimu, Isimani mvua ni chache. Ikinyesha Desemba hatuulizi sikukuu." Akakaa.

Hakutetea mtu. Hakusema aliyeua alifanya vyema, na mimi sisemi. Lakini baada ya sentensi ile darasa zima lilisoma upya maelezo ya kesi. Ule ukurasa ulikuwa na udongo sasa. Kijana wa mchana, mwenye miaka ishirini, atatoa wapi udongo huo? Yule trafiki alipotueleza ramani ya ajali inavyochorwa barabarani usiku wa mvua pale mteremko wa Kitonga, tulielewa kuhoji shahidi kuliko kitabu. Karani wa mahakama alitufundisha kitu ambacho hakimo kwenye mtaala wowote, kwamba ukifika masjala ya mahakama unamsalimia karani kwanza.

Kwa hiyo usiiache kazi yako mlangoni. Ingia nayo.

Hili la lugha nitalipita upesi. Tangu marekebisho yaliyopitishwa na Bunge mwaka 2021, Sheria Namba 1, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini vitabu utakavyosoma ni vya Kiingereza, kesi nyingi Kiingereza, mtihani Kiingereza. Umeshinda kutwa unaongea Kiswahili na wateja, jioni ubongo unagoma. Utazoea. Si hapo watu wanapoangukia.

Watu wanaangukia kwenye desa. Ah, desa! Mfanyakazi hana muda, basi ananunua desa pale steshenari, kurasa sitini, zimenakiliwa kutoka nakala ya nakala mpaka herufi zimekuwa mchwa. Mimi nilikuwa mteja mzuri. Somo la Sheria ya Kazi, jaribio la kwanza, nikajibu swali la kuachishwa kazi kwa kutumia Sheria ya Usalama wa Kazi ya mwaka 1964. Nimeinukuu vizuri, na vifungu vyake, na Kanuni zake za Nidhamu. Sheria hiyo ilifutwa na ile ya 2004, ile ile niliyompelekea bosi wangu imepakwa njano! Nilikuwa na sheria mpya mkononi, nikaandika ya kwenye desa. Mwalimu hakunikemea. Kila nilipoitaja, pembeni aliandika kwa kalamu nyekundu neno moja. Marehemu. Marehemu. Marehemu. Nilipata saba kati ya ishirini.

Angekuwa mteja halisi je? Mtu aliyefukuzwa kazi ana siku 30 tu kupeleka lalamiko lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Unampa ushauri wa marehemu, yeye anasubiri, siku zinakwisha. Na siku zile zilikuwa za nani? Hata jibu sitoi.

Bado kipande kimoja, na ni kigumu, na waliokuja kuwakaribisha kabla yangu hawakukigusa. Shahada ya sheria haikufanyi wakili. Baada ya hapa, ukitaka uwakili, kuna Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Kwangu ilimaanisha kuhamia Dar es Salaam, kuacha duka, kuacha kaunta, kuacha ule mpango wetu wa saa 10. Na kule si mchezo. Mwaka 2022 nchi nzima ilishituka pale ilipotangazwa kwamba kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja ni 26. Serikali ikaunda kamati, ikaongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe, wa kwetu Nyanda za Juu, wa Kyela, ichunguze tatizo ni nini. Watu wakalaumu shule, wengine wakalaumu vyuo, wengine wakalaumu wanafunzi. Mimi nilikuwa nimeshapita wakati huo, na nilipita kwa sapu, yaani kwa kurudia mtihani, somo la uandishi wa nyaraka. Ndiyo, yule aliyesahau tarehe.

Ada ya kule na chumba na nauli na chakula vilitoka wapi? Mshahara wa keshia hauwezi. Tulikuwa na ekari mbili za mipaini Mufindi, mume wangu na mama yake waliipanda, ina miaka tisa, bado michanga. Mnajua mpaini wa miaka tisa unauzwaje. Unauzwa ukiwa umesimama, kwa bei ya huruma, kwa mtu atakayesubiri yeye miaka iliyobaki avune. Mama mkwe ndiye aliyesema iuzwe. Mimi sikuthubutu kuitaja. Alisema, "Miti hii tulipanda kwa ajili ya jambo. Basi jambo ndilo hilo."

Kwa hiyo fanya hesabu hii leo, ukiwa mwaka wa kwanza, usingoje mwaka wa nne. Unataka uwakili, au shahada inatosha kazini kwako? Vyote ni halali. Yule muuguzi wetu hakwenda Dar. Yuko hospitali, anashughulikia malalamiko ya wagonjwa, na anaifanya kazi hiyo kwa ufasaha unaonitia wivu. Trafiki wetu hakwenda pia, alisema umri wake unamtosha. Karani alikwenda. Lakini kama unataka kwenda, ujue miaka minne mapema ni mti gani utauzwa, na ni wa nani.

Mtaniuliza bosi alisemaje nilipoaga. Alinipa bahasha na ile karatasi yetu, nakala yake, tarehe ameandika kwa mkono wake. Sasa hivi ni mteja wangu. Mikataba yake ya wasambazaji naiandika mimi, na kila mara anaangalia kwanza pale chini, kwenye tarehe.

Na Mama? Yupo, yuko Kilolo, magoti yanamsumbua. Siku naapishwa Dar es Salaam, mbele ya Jaji Mkuu, alikuja na basi la usiku. Tulipotoka nje, nimevaa joho, watu wanapiga picha, akalishika joho kwenye mkono, akalipapasa kama mtu anayenunua kitambaa. Akaniuliza, "Hili lafuliwa na nani?"

Nikamwambia, "Mimi, Mama."

Akasema, "Haya."

Jamani, namwona mwalimu wa Jinai mlangoni na vitabu vyake, na saa yangu inaniambia dakika arobaini zimekwisha tangu kitambo. Hizi za sasa ni zake. Mwenye swali anifuate hapo nje, niko karibu na kibanda cha chai mpaka daladala ya Ipogolo ipite.